Nchi tano mu bisi moja: hesabu ya kufanya mbele ya kulipa safari ya Ulaya

Kisha miaka mingi ya posti ya muchana na posti ya usiku, kuko baba wa mugodi mwenye anapata konje kubwa ao dekonti yake ya mwisho, na anaambia mama wa nyumba: « Safari hii, twende na siye tuone Bulaya. » Haiko tena kwenda kutafuta maisha. Ni kwenda kutembea na kurudia. Ajansi zinauza safari za bisi na gide: unashuka mu ndege, unapanda bisi, na mu siku kumi na mbili unapita mu nchi tano. Inaonekana kuwa kitu chepesi. Lakini feza yenye inaingia mule ingeweza kulipa masomo ya watoto, ao kumaliza nyumba ya mu lupango. Na kama safari inaharibika, mara nyingi haiharibikie kule Roma ao Paris. Inaharibikia hapa hapa, mbele ya kuondoka: mu karatasi zenye hazikuangaliwa, mu kontra yenye haikusomwa, mu hesabu yenye ilisahau vitu. Tuangalie basi hatua kwa hatua.

Safari yenyewe iko ginsi gani

Tukamate mufano mumoja. Unashuka Paris, unalala usiku 2. Bisi inakupeleka Bruxelles, kilometre karibu 310, usiku 2. Kiisha Köln, mu Ujerumani, usiku 1. Kiisha Luzern, mu Uswisi, usiku 2. Kiisha unaingia Italia: Venezia usiku 1, Firenze usiku 1, Roma usiku 2. Ku Roma unapanda ndege ya kurudia. Ni usiku 11 kwa yote, na barabara ya kilometre zaidi ya 2.000.

Siku ya murefu kupita zote ni ile ya Köln mupaka Luzern, karibu kilometre 600. Ni sawa na kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi na kurudia siku ile ile, ijapokuwa barabara ya kule haina vumbi wala makamiyo yenye imelala mu kona. Siku zingine ni fupi. Lakini usidanganyike na picha za mu karatasi ya ajansi: mu safari ya namna hii, unakaa mu kiti saa nyingi, unatembea kwa miguu saa nyingi, na kila muji unauona paka kidogo. Mwenye anataka kulala mupaka 10h00 na kukaa kwa utulivu, safari hii haiko yake.

Viza: hesabu usiku, usihesabu nchi

Nchi zote tano za mufano wetu ziko mu Schengen, hata Uswisi, yenye haiko mu Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo viza moja inatosha. Lakini utaomba ile viza kwa nani? Watu wengi wanafikiri ni kwa nchi ya kwanza kushuka. Hapana. Unaomba kwa nchi yenye utalala usiku mingi kupita zingine. Mu mufano wetu, Ufaransa ni usiku 2, Ubelgiji 2, Ujerumani 1, Uswisi 2, lakini Italia ni usiku 4. Basi dosie ni ya Italia, hata kama ndege inashuka Paris. Kama usiku ingekuwa sawa-sawa kila pahali, hapo sasa ungeomba kwa nchi ya kwanza kuingia. Njo maana programu ya safari inaomba ikuwe mu mukono wako, na majina ya otele na tarehe, mbele ya kuomba randevu.

Sehemu kubwa ya dosie za Schengen za kwetu zinapitia Kinshasa, ku Centre européen des visas, yenye watu wengi wangali wanaita Maison Schengen. Uliza mbele ni wapi dosie yako itapokelewa, juu inaomba kutoa alama za vidole wewe mwenyewe. Hakuna mutu anaweza kutoa vidole pahali pako. Kama inaomba kwenda Kinshasa, ile tikiti ya ndege na siku za kulala kule ziingie mu hesabu tangu mwanzo.

Dosie inawekwa si mbele ya miezi 6, na si chini ya siku 15 mbele ya kuondoka. Jibu linaweza kutoka mu siku 15, lakini wako na haki ya kufika mupaka siku 45. Kwa hiyo usiende mu siku za mwisho. Bei ya viza, tangu mwezi wa 6 mwaka wa 2024, ni euro 90 kwa mutu mukubwa, euro 45 kwa mutoto wa miaka 6 mupaka mbele ya 12. Chini ya miaka 6 hawalipe. Ile feza hairudishwe hata kama wanakatala.

Paspoti inapashwa kubakia na nguvu miezi 3 kisha siku ya kutoka Schengen, na ikuwe na ukurasa 2 wazi. Asiransi ya safari inapashwa kufika euro 30.000 kwa ugonjwa, lopitali na kurudisha mutu kwabo. Angalia tena majina: nom, postnom na prénom ziandikwe sawa-sawa ku paspoti, ku tikiti, ku asiransi na ku karatasi ya ndoa. Herufi moja yenye kugeuka inaweza kukuletea maulizo mingi.

Kitu kikubwa mu dosie ni kuonyesha mambo mawili: kama uko na feza ya safari, na kama utarudia. Mutumikaji wa kampuni anapana karatasi ya kazi, titre de congé, bultini za mushahara na hali ya konti ya banki ya miezi ya nyuma. Mwenye alipumuzika kazi anapana karatasi ya pansio. Kwa mwenye kuchimba kwa mukono ni nguvu zaidi, juu hana bultini. Lakini anaweza kuonyesha karti yake ya mwenye kuchimba, karatasi ya koperative yake (Code minier ya 2018 inaomba kila mwenye kuchimba kwa mukono akuwe mu koperative), karatasi za lupango, na zaidi sana konti ya banki yenye feza inaingia pole pole. Feza mingi yenye inaingia ku konti siku tatu mbele ya randevu haisaidie, inaleta mashaka.

Na kuko ile hatari ya zamani: mukomisionere. Anakuambia iko na mutu wake mule ndani, viza ni hakika, leta paka franga. Hakuna ajansi wala mutu wa njia yenye anakata maneno ya viza. Karatasi ya uongo moja tu inaweza kuharibu dosie yote, na habari zinabakia mu masini: vidole vinachungwa karibu miaka 5. Ukikataliwa, wanakupatia karatasi yenye kuandika sababu, na uko na haki ya kulalamika. Isome vizuri mbele ya kujaribu tena.

Neno la mwisho juu ya viza: kama programu inakwenda na London, ile ni dosie ingine kabisa, juu Uingereza haiko mu Schengen. Na kama viza yako ya Schengen ni ya kuingia mara moja tu, ukienda London huwezi kurudia Paris. Uliza mbele ya kulipa.

Kontra: soma kile chenye haikuandikwa kwa herufi kubwa

Bei yenye iko mu tangazo haiko bei yote. Uliza maulizo haya, na majibu yaandikwe:

Tikiti ya ndege kutoka Luano iko ndani ao inje? Viza na asiransi ni juu ya nani? Chakula ni mara ngapi ku siku? Mara nyingi ni chai ya asubui na chakula kimoja. Chakula cha muchana unajilipia. Kuingia mu Colisée, mu miseo, mu mashua ya Venezia kunalipiwa tayari? Kodi ya muji ya otele iko ndani? Kuko « excursions » za kulipia pembeni? Kama mutu iko peke yake mu chumba, anaongeza ngapi?

Kiisha uliza ile ulizo watu wengi wanaogopa: kama viza inakataliwa, munanirudishia ngapi? Ajansi ingine inarudisha yote isipokuwa feza ya dosie. Ingine hairudishe hata nusu. Jibu la mudomo haliko jibu. Usinunue tikiti ya ndege yenye hairudishwe mbele ya viza kutoka. Kwa dosie, rezervasio inatosha.

Mu Ulaya kuko sheria ya 2015 juu ya safari za kuuzwa pamoja. Inasema kama hesabu ya watu haifike, mwenye kutengeneza safari ya siku zaidi ya 6 anaweza kuivunja, lakini anapashwa kukujulisha siku 20 mbele na kurudisha feza yako yote. Inasema tena kama huwezi kwenda, unaweza kuachia mutu mwingine nafasi yako ukijulisha siku 7 mbele, na inaomba feza za wateja zikingwe kama ajansi inaanguka. Ukinunua kwa ajansi ya kule, sheria hii ni ngao yako. Ukinunua kwa ajansi ya hapa, inaweza kukosa kukufikia. Njo maana uombe maneno kama yale yaandikwe mu kontra yako. Kila makuta yenye inatoka, chukua risi yenye kutiwa muhuri.

Feza ya mufuko

Dola, yenye tunatumia hapa kila siku, kule haitumike mu duka. Ni euro, na mu Uswisi ni franka ya Uswisi. Uliza banki yako kama karti yako inatumika inje, na kwa kiasi gani ku siku. Beba euro ndogo ndogo, na vyuma, juu ku mafasi mingi ya kusimama mu barabara choo kinalipiwa.

Fanya hesabu kwa karatasi. Tuseme munapanga euro 40 ku siku kwa kila mutu, chakula cha muchana, maji na choo. Siku 12 kwa watu wawili: euro 960. Ongeza viza, euro 180. Ongeza safari ya Kinshasa kama inaombwa. Ongeza feza ya hatari, yenye haiguswe. Kama kisha hesabu ile kunabakia deni kwa jirani, afazali kungoja mwaka ingine. Na mwenye anabeba euro 10.000 ao zaidi anapashwa kuiandikisha ku duane akifika.

Mwili: usiusahau

Mutu wa mugodi anajua: kiatu kipya hakivaliwe siku ya kwanza ya kushuka. Hapa ni vile vile. Firenze na Roma ni miji ya mawe chini, na bisi haiingie mu katikati ya miji ile ya zamani. Kule Venezia hakuna motokari hata moja. Bisi inabakia ku mulango wa muji, mengine ni mashua na miguu. Vaa viatu vyako mwezi muzima mbele, tembea kila jioni mu kartiye, wewe na mama, mupaka mufike saa moja na nusu bila kuchoka.

Kukaa mu kiti saa nyingi kunavimbisha miguu, na damu inaweza kuganda mu mushipa. Kila bisi ikisimama, shuka, tembea. Mukiwa mu barabara, nyanyua visigino na uvishushe. Kunywa maji, hata kama unaogopa choo.

Mwenye damu yake inapanda, mwenye sukari, mwenye kifua kilibeba vumbi la miaka mingi, aone munganga mbele ya kulipa, si kisha. Kule Luzern wanauzaka safari ya kupanda mulima Titlis, yenye gari ya kamba inafika karibu metre 3.000. Kolwezi iko chini ya metre 1.500. Mapafu yenye yanasumbuka hapa yatasumbuka zaidi kule juu. Kukatala kupanda si haya. Dawa zote zikae mu sako ya mukono, pamoja na ordonanse, si mu valizi ya chini ya ndege.

Valizi

Mara nyingi bisi inapokea valizi moja kwa mutu, na wewe mwenyewe utaikokota kila asubui. Usijaze. Mu mwezi wa 6 na wa 7, wakati siye tuko mu baridi ya Katanga, kule ni joto, na jua linashuka karibu 22h00 mu Paris. Wakati ule saa ya kule na saa ya Lubumbashi ni moja. Mu mwezi wa 12 ni kinyume: giza mbele ya 17h00, na baridi yenye koti yetu haiwezi.

Beba nguo za kufunika mabega na magoti. Bila vile hauingie mu kanisa la Mutakatifu Petro ku Roma. Beba kichwa cha kuchomeka umeme chenye kufaa mu Italia na Uswisi, juu tundu zao si moja. Usibebe nyama wala maziwa: duane ya Ulaya inakatalia wasafiri wenye kutoka inje ya Umoja. Finkubala zibakie mu nyumba. Na jiwe la mugodi, hata kama ni la kuonyesha rafiki, liache: madini hayatoke mu inchi bila karatasi. Karti ya homa ya manjano ikuwe pamoja na paspoti, juu bila ile kuingia tena mu Congo ni maneno.

Mu bisi kuko sirene bila sauti

Mwenye alizoea posti hatapata shida. Valizi inje ya mulango ku 6h30, chai, bisi inaondoka ku 8h00. Kama uko nyuma dakika 15, watu 45 wanakungojea, na mulango wa miseo wenye saa yake ililipiwa unaweza kufungwa.

Gide hasukume shofere, hata kama muko nyuma. Sheria ya Ulaya inasema shofere asipitishe saa 4 na nusu mu usukani bila kupumuzika dakika 45, na asipitishe saa 9 ku siku, isipokuwa saa 10 mara mbili ku juma. Masini ndani ya bisi inaandika yote, na polisi wanaisoma. Ni usalama wa kazi, kama vile tunaujua. Mukanda wa kiti nao ni lazima. Mu bisi mingi viti vinageuzwa kila siku, ili kila mutu akae ku dirisha. Usigombane.

Ku mupaka wa kwanza, pale ndege inashuka, watakuuliza programu, otele, tikiti ya kurudia. Tangu tarehe 12/10/2025 Schengen ilianza mupango mupya, EES, wa kuandika mu masini kuingia na kutoka kwa kila mugeni, pahali pa muhuri wa zamani. Siku zako zinahesabiwa sawa-sawa. Kama mutu anakimbia kundi na kubakia, haharibu paka jina lake. Anaharibu ajansi, na anafunga mulango kwa wenye watakuja nyuma na dosie ya kweli.

Mafasi yenye yatagusa moyo wa mutu wa mugodi

Programu haionyeshe kila kitu. Mu siku ya uhuru ku Bruxelles, panda treni mupaka Charleroi, karibu saa moja, kiisha nenda Marcinelle, ku Bois du Cazier. Tarehe 8/8/1956, ku metre 975 chini, gari la makaa liliingizwa vibaya mu kaje. Likakata nyaya za umeme na muferezi wa mafuta, moto ukawaka. Watu 262 walikufa, na 136 kati yao walikuwa Waitalia wenye walikuja kutafuta kazi. Tangu 2012 mugodi ule uko mu orodha ya UNESCO. Mutu wa Kolwezi hana lazima ya gide juu ya kuelewa majina yale ku ukuta.

Pembeni ya Bruxelles, ku Tervuren, kuko miseo ya Afrika yenye inachunga vitu vingi vya kwetu. Na pale unasikia jina Umicore, kumbuka: ni Union Minière du Haut-Katanga ya zamani, yenye ilianzishwa mwaka wa 1906 na ilikuwa inatuma mali ya kwetu ku mafabriki ya Hoboken na Olen. Bisi haitasimama pale, lakini ni muzuri watoto wajue barabara yenye shaba ya babu zao ilipita.

Na siku ya kutoka Luzern kwenda Italia, usilale. Utapita chini ya mulima Gotthard, mu tunele ya motokari ya kilometre 16,9, yenye ilifunguliwa mwaka wa 1980. Ku chini zaidi kuko ya treni, kilometre 57, ya mwaka wa 2016. Mwenye alipiga mine na kubeba vipande vya mawe ataangalia ile kazi na macho ingine.

Jamaa lenye linabakia

Habari ikitoka kama munaenda Bulaya, simu zitalia. Viatu, telefone, parfime. Sema mbele: valizi ni moja, na feza ni ya kuhesabu. Afazali maneno ya haya leo kuliko deni kesho. Achieni mukubwa mumoja funguo, kopi za paspoti, namba ya asiransi na programu yenye majina ya otele. Kama munaacha watoto, feza ya chakula na ya lopitali ibakie kwa mukono wa mutu mwenye munaamini. Kama munapeleka mutoto na muzazi mumoja tu anaenda, inaomba ruhusa ya yule mwingine kwa maandishi.

Kwa kufupisha, kalenda iko hivi. Miezi 6 mbele: paspoti, munganga, kulinganisha ajansi mbili ao tatu. Miezi 4 mbele: kontra na programu, randevu ya viza. Miezi 3 mbele: dosie kamili, vidole, na kungoja bila kununua. Viza ikitoka: tikiti na kulipa yenye ilibakia. Mwezi mumoja mbele: viatu, kutembea, euro. Juma moja mbele: kopi mu simu na ku karatasi, valizi ku kilo, uliza kama Go-Pass imelipiwa. Na siku ya kuondoka, beba roho ya utulivu, juu karatasi zote ziko tayari mu sako.